Mwache ayumbe, usimwache aanguke

Katika njia za Lusu, wilayani Nzega, huwezi kumpita mtu asubuhi bila neno. "Mwangaluka," anasema mmoja. "Mwangaluka," anaitikia mwenzake, kisha yanafuata maswali: habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, mvua imefika kwenu? Watu huulizana hayo yote huku wanatembea. Wanapishana, sauti zinapanda kadiri wanavyoachana, na jibu la mwisho hutolewa mtu akiwa ameshageuza kichwa kutazama aendako.

Mzee mmoja niliyekuwa nikimfuatilia huko, katika kazi yangu ya kuwafundisha wagonjwa kutembea tena baada ya kiharusi, hakuweza kufanya hivyo. Kila aliposalimiwa alisimama. Alichomeka fimbo mchangani, akajibu, akanyamaza kidogo kama anayekusanya vitu vilivyomwagika, ndipo akainua mguu tena. Wanawe walifurahi. Waliona baba yao amekuwa mwangalifu. Mimi niliona mtu ambaye siku si nyingi ataanguka.

Sikuwa nabashiri. Mwaka 1997 watafiti wa mji wa Umeå nchini Uswidi walichapisha uchunguzi wao juu ya wazee waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzwa. Waliwasemesha wakiwa wanatembea, basi. Waliosimama ili wajibu, wengi wao walianguka ndani ya miezi sita iliyofuata. Sababu yake inaeleweka. Kwa mtu mzima wa afya, kutembea ni kazi ambayo ubongo huifanya chinichini, nasi tunabaki na nafasi ya kuongea, kufikiri deni la dukani au kumtafuta mtoto kwa macho. Kiharusi kikishaharibu sehemu ya ubongo, kutembea kunapanda juu na kuchukua nafasi yote. Kila hatua inapangwa upya kwa makusudi. Ukimsalimia mtu huyo, umemwomba afanye kazi ya pili wakati ya kwanza imeshammaliza.

Kiharusi hutokea pale damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa mshipa kuziba ama kwa mshipa kupasuka. Hapa kwetu si ugonjwa wa nadra. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifanyika utafiti mkubwa wa kuhesabu wagonjwa wapya katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata takriban wagonjwa 108 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam takriban 316. Nyuma ya wengi wao kulikuwa na shinikizo la juu la damu ambalo halikuwa limetibiwa. Wachunguzi wengine waliokwenda kuwasikiliza watu wa sehemu hizohizo mbili walikuta jambo la kutafakari: Hai watu wengi walikitaja kiharusi kuwa ni ugonjwa wa mwili na presha, ilhali Dar es Salaam wengi walitaja mashetani na uchawi. Huku Unyamwezini, ilipo Lusu, nimesikia yote mawili, mara nyingine katika nyumba moja. Sigombani na familia juu ya chanzo, mradi mgonjwa afike hospitali mapema na presha yake ipimwe. Nitakalogombania ni siku zinazofuata, mgonjwa akisharudi nyumbani. Hapo ndipo watu wanaompenda humdhuru bila kujua.

Humkalisha.

"Baba, kaa. Baba, usiinuke, utaanguka. Unataka nini tukuletee?" Maji huletwa, chakula huletwa, kiti huhamishwa kumfuata jua asubuhi na kivuli mchana. Anakuja kuinuka baada ya mwezi, na miguu ambayo ilikuwa dhaifu kwa ugonjwa sasa ni dhaifu kwa kukaa pia. Anayumba, mtu anapiga kelele, anakaa tena, na hofu inaongezeka pande zote mbili. Hofu ikishaingia, mtu hukaza mwili mzima, hutazama nyayo zake, hupiga hatua fupifupi za kukokota. Mwendo huo ndio unaoangusha. Uchunguzi mmoja wa Uingereza uliotolewa mwaka 1995 uliwafuata wagonjwa 108 wa kiharusi waliokuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani, na katika miezi sita asilimia 73 yao walikuwa wameanguka angalau mara moja. Haikuwa milimani wala barabarani. Watu hawa huanguka nyumbani, wakiinuka kitini, wakigeuka, wakienda chooni. Na wengi huangukia upande ule uliopooza, ambao mkono wake hauwezi kujinyoosha kuwadaka na mifupa yake imeshakonda kwa kutobebeshwa uzito. Nyonga huvunjika hapo.

Ninachotaka kuisihi familia ni kwamba kuyumba si kosa. Kila aliyesimama anayumba. Mwili wa binadamu ni mrefu, umesimama juu ya nyayo mbili ndogo, na kila wakati unaegemea kidogo na kurudishwa. Ubongo hupokea habari kutoka kwa mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo vya miguu. Shahidi mmoja akikosea, wawili humsahihisha. Kiharusi mara nyingi humnyamazisha shahidi wa nyayo upande mmoja, na kwa baadhi ya watu humnyang'anya shahidi wa macho nusu ya uwanja wake, hata mtu akagonga fremu ya mlango ya kushoto kila siku na kusema mlango umesogezwa. Usiku, macho nayo yakikosa mwanga, anabaki shahidi mmoja tu. Ubongo unaweza kujifunza upya kuamua kwa ushahidi pungufu, lakini hujifunza kwa kurekebisha makosa. Aliyeketi hana kosa la kurekebisha. Kwa hiyo mazoezi yenye faida ni yale yanayomfikisha mtu karibu na mpaka wa kuanguka huku akiwa ameshikiliwa vizuri asiuvuke.

Hili nililijua kwa kusoma kabla ya kulijua kweli. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimfundisha mama mmoja kutembea kwenye ukumbi wa hospitali: sakafu ya saruji, taa, hakuna upepo, hakuna kuku. Alipofikisha mita 50 bila kushikwa nikaandika kwenye karatasi yake kwamba anatembea mwenyewe. Aliondoka akiwa na furaha, nami nikabaki na furaha. Hazikupita wiki nyingi akarudi amebebwa, nyonga imevunjika. Alikuwa anakwenda chooni usiku, mchangani, amevaa ndala. Sikuwa nimemuuliza choo kiko umbali gani. Sikuwa nimemwona akitembea hata hatua moja nje ya saruji. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mgonjwa si "Unaweza kutembea?" Ninauliza, "Unatembea wapi?"

Na Lusu mtu anatembea wapi? Wengi wanaifahamu kwa dhahabu, kwa sababu ya mgodi wa Golden Pride wa kampuni ya Resolute uliokuwa ukichimbwa hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa mguu wa mgonjwa, Lusu ni kitu kingine. Ni uwanja uliofagiliwa na kushindiliwa mbele ya nyumba, halafu mchanga mlaini wa njia, halafu matuta ya viazi na karanga, halafu kingo nyembamba za majaruba ya mpunga zenye maji pande zote mbili. Ni kizingiti cha mlango, choo cha shimo nyuma ya nyumba, baiskeli inayotokea nyuma yako kimya, mbuzi aliyefungwa kamba njiani. Haya ndiyo mafunzo. Mgonjwa asiyeyazoea atakutana nayo hata hivyo, siku ambayo hakuna aliye karibu.

Nchi hii inajua kufundisha miguu. Mwaka 1871 msafiri Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi akafika Kwihara, karibu na Tabora, mwezi Juni. Miezi mitatu ya miguu, na sehemu kubwa ya mizigo ikiwa juu ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 na zaidi, siku baada ya siku, kwenye vichaka, mito na mchanga. Msafiri mwingine, Richard Burton, aliyefika Kazeh, hukohuko Tabora, mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba walikuwa wakitembea na pembe ndogo ya ndovu begani. Ninaheshimu uchungu wa kazi ile, na sipendi inaposimuliwa kama tamasha. Lakini ile pembe ndogo inanifundisha. Hakuna aliyempa mtoto pembe ya mtu mzima, na hakuna aliyemwambia akae hadi akue. Alipewa mzigo unaomyumbisha kidogo, ulipozoeleka akaongezewa.

Miili yenyewe hujibu. Mwaka 1986 ulichapishwa utafiti wa wanawake wa Kenya, Waluo na Wakikuyu, wanaobeba mizigo kwa kichwa na kwa kamba ya paji la uso. Walikuwa wakibeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika. Uchunguzi uliofuata mwaka 1995 ulieleza siri yao: kila hatua mwili hupanda juu ya mguu uliosimama na kushuka mbele, kama fimbo iliyochomekwa chini na kuachiwa iegemee, na wanawake wale walikuwa hodari wa kutumia mteremko wa hatua hii kulipia mpando wa hatua ifuatayo. Kutembea ni kuanguka mbele na kujidaka. Mtu wa kiharusi anakataa kuuangukia mguu dhaifu, hivyo hatua haikamiliki. Mguu mzima unaharakisha kurudi chini, mwendo unakuwa wa kuchechemea, na kila kitu kinagharimu nguvu. Karibu mazoezi yote nitakayoyaeleza yana shabaha hiyo moja, mguu dhaifu uaminiwe tena.

Kwanza msaidizi ajue mahali pa kusimama. Asimame upande dhaifu, nusu hatua nyuma. Mgonjwa afungwe khanga au mkanda mpana kiunoni juu ya nguo, na msaidizi ashike kifundo cha khanga kwa nyuma. Asimkokote, asimbebe, mkono wake uwepo tu, kama wa mtu anayemfundisha mtoto baiskeli. Na kamwe asimvute kwa mkono uliopooza. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na kuvutwa mara chache tu kunaweza kulichomoa bega na kuleta maumivu yatakayodumu kuliko udhaifu wenyewe. Nimewaona vijana wenye nguvu na mapenzi wakifanya hivi kwa baba zao. Hawakuwa wameambiwa.

Zoezi la kutembea huanzia kitini. Kigoda cha Kinyamwezi ni kifupi mno kwa mwanzo. Tumia kiti kirefu au ukingo wa kitanda kigumu. Aketi mbele ya kiti, nyayo zikanyage chini. Utaona anaurudisha mguu mzima nyuma ili ufanye kazi yote. Mbadilishie: mguu dhaifu ndio urudi nyuma kidogo, mzima utangulie. Sasa ainame mbele, pua ipite juu ya magoti, ainuke, atulie, kisha aketi polepole bila kujibwaga. Mara kumi, apumzike, arudie. Wiki zikienda, kiti kifupishwe. Siku atakayoinuka kutoka kwenye kigoda bila kushika kitu, ujue miguu ile imepata kitu ambacho hospitali nyingi zingekitafuta kwa mashine.

Kisha jengeni fito mbili. Nguzo nne zichimbiwe chini ya mwembe, juu yake zilazwe fito mbili ndefu zilizoparazwa vizuri, mita tatu au nne kwa urefu, kimo cha nyonga, nafasi kati yake ipite kidogo upana wa mtu. Vijana wa nyumba huimaliza kazi hii jioni moja. Ndani ya fito hizo mgonjwa anasimama na kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, taratibu, mpaka mguu mzima uwe mwepesi kiasi cha kuinua kisigino. Anapiga hatua mbele kwa mguu mzima na kuurudisha, mara nyingi, ili mguu dhaifu ubaki umebeba. Anatembea ubavu, kwa sababu misuli ya pembeni ya nyonga ndiyo humdaka anayeangukia upande. Anatembea kinyumenyume, kwa sababu kila anayeketi hulazimika kurudi nyuma hatua moja au mbili, na wengi huanguka hapohapo, kiti kiko karibu na mkono. Mikono ishike fito, halafu iguse kwa vidole, halafu ielee juu yake bila kugusa. Wengi hupenda kukimbilia njiani kabla ya hatua hii ya tatu. Wazuieni.

Kugeuka kunahitaji somo lake. Mtu akigeuka papo hapo kama askari wa gwaride, mguu mmoja unabaki umejichimbia na mwili unauzunguka, na akianguka hapo anaangukia nyonga. Afundishwe kuuzunguka mwembe kwa duara pana, hatua ndogo ndogo, kulia kisha kushoto. Duara lipungue kwa majuma. Wengine huzunguka vizuri upande mmoja tu na kuukwepa mwingine. Upande unaokwepwa ndio unaotaka kazi.

Sasa mabua. Sijapata kifaa kizuri kuliko bua la mtama au la mahindi. Lazeni matano au sita chini, hatua moja moja kati yake, na mgonjwa ayavuke. Vidole vya mguu dhaifu huburuta baada ya kiharusi kwa sababu unyayo hauinuki vizuri. Akiligusa bua, linavunjika, yeye haanguki. Mwisho wa zoezi mnahesabu mabua yaliyovunjika. Yakiwa mazima siku tatu mfululizo, wekeni kitu kinene kidogo, kisha fimbo juu ya mawe mawili, kisha mpelekeni kwenye tuta halisi la viazi. Ukingo wa jaruba uwe wa mwisho kabisa, wakati wa kiangazi, na kwa wengine usiwe kabisa. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa si mahali pa mazoezi hata kwa aliye mzima.

Kila zoezi lililozoeleka kwenye uwanja mgumu lihamishiwe mchangani. Na kila lililozoeleka kimya liwekewe maneno. Hapa ndipo nilipomrudisha yule mzee wa salamu. Kwanza ndani ya fito, mjukuu wake akimsalimia naye akijibu bila kusimama. Baadaye kwenye uwanja, ataje majina ya ng'ombe wake mmoja mmoja huku anatembea; alikuwa nao aliowajua kwa rangi na kwa ukoo, na alipendelea zoezi hilo kuliko yote. Baadaye abebe kikombe cha maji nusu kwa mkono mzima. Baadaye ageuze kichwa kumtafuta anayemwita kutoka kulia au kushoto. Kwa wanawake niliongeza jambo moja ambalo vitabu vyangu havikulitaja: kupiga goti kidogo wakati wa kumsalimia mkubwa. Mama aliyelelewa vizuri ataona aibu kubwa akishindwa kufanya hivyo, na baadhi yao huacha kutoka nje kwa sababu hiyo peke yake. Basi tunalifanyia mazoezi, fito ikiwa karibu, goti likunjwe kidogo tu, arudi juu. Kumrudishia mtu adabu yake ni sehemu ya tiba.

Wanawake pia huniuliza ndoo. Lini nitachota maji? Najibu kwa ile pembe ndogo. Kopo dogo mkononi, njia fupi. Halafu galoni lisilojaa. Kichwani bado, mpaka atembee njia yote ya kisima bila fimbo huku anaongea na kugeuza shingo, na mtu wa afya awe amemtazama akifanya hivyo. Wengine hawatafika huko, na ni lazima waambiwe ukweli mapema ili familia ipange.

Nusu saa kwa siku, siku nyingi za wiki, inatosha kwa mwanzo, na inaweza kugawanywa mara tatu, dakika kumi kumi, kabla jua halijawa kali. Zoezi liwe gumu kidogo. Likiwa rahisi, mnaburudika tu. Ili mjue kama kuna maendeleo, pimeni kwa njia ambayo wataalamu wameitumia tangu mwaka 1991: mgonjwa akiwa ameketi, ainuke, atembee mita tatu, ageuke, arudi, aketi. Simu yenye saa inatosha. Mtu mzima mwenye afya hutumia sekunde 10 hivi. Wenu anaweza kuanza na 40. Andikeni kwenye daftari lake la kliniki kila Jumapili.

Najua wako watakaosema haya ni mazoezi ya maskini, kwamba huko kwa wenye uwezo kuna mashine za kutembea zenye mikanda ya kumning'iniza mgonjwa. Zipo. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililowahusisha watu 408 waliopata kiharusi. Baadhi walifundishwa kwenye mashine hizo, wengine walifuatwa nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia na kupewa mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha mwili. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu ya watu katika kila kundi walikuwa wamepanda daraja la kutembea, na hapakuwa na tofauti kati ya makundi. Miongoni mwa wenye udhaifu mkubwa, walioanzishwa mashine mapema walianguka mara nyingi zaidi. Sisemi kwamba mwembe na fito vinatosha peke yake. Wale wa nyumbani walikuwa na mtaalamu aliyewajia mara kwa mara kwa miezi kadhaa, na hicho ndicho tunachokosa, wala si mashine. Anayeruhusiwa kutoka hospitali ya Nzega, Nkinga, Kitete au Bugando aulizie fiziotherapia kabla hajapanda gari la kurudi, na ndugu atakayemtunza awepo siku ya kufundishwa, ashike mwenyewe ile khanga mbele ya mtaalamu.

Wala msianze siku ya kwanza. Mwaka 2015 jaribio la wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano lilionyesha kwamba walioanza kusimamishwa ndani ya saa 24 za mwanzo, tena mara nyingi, walipona vizuri kwa idadi ndogo kuliko walioachwa waanze taratibu. Daktari aseme hali imetulia na presha imeshikwa. Na akipatwa na maumivu ya kifua, pumzi kukata, kichwa kuuma ghafla, mdomo kwenda upande au maneno kupotea, acheni kila kitu mumpeleke hospitali.

Dawa za presha ziendelee. Baadhi humfanya mtu aone kizunguzungu anapoinuka haraka. Dawa yake ni kuketi ukingoni mwa kitanda kwa muda, achezeshe nyayo, ndipo ainuke, na kumweleza daktari. Kuziacha kwa sababu ya kizunguzungu ni kukiita kiharusi cha pili.

Ndala zitupwe. Zinahitaji vidole vya mguu vizishike, na vidole hivyo havishiki tena. Katambuga yenye mkanda wa nyuma ni nzuri mno, imara, na haitelezi. Fimbo ishikwe na mkono mzima, upande ulio kinyume na mguu dhaifu, na kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umening'inia. Nchani ipigiliwe kipande cha tairi. Kwenye kizingiti au ngazi, wakati wa kupanda mguu mzima utangulie, wakati wa kushuka utangulie ule dhaifu. Chooni, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, na nguzo ya kushika ichimbiwe upande wa mkono mzima. Njia ya kwenda huko ifagiliwe, mbuzi wafungwe kwingine. Usiku awe na tochi, au ndoo yenye mfuniko chumbani, bila aibu yoyote.

Hata mkifanya yote haya, huenda akaanguka. Mazoezi hupunguza mianguko, hayajaweza kuifuta. Kwa hiyo jambo la mwisho ninalofundisha ni kuinuka kutoka chini, nalo ndilo familia hulipinga zaidi, kwa kuwa wanaona ninamlaza mgonjwa mavumbini kwa makusudi. Tandikeni mkeka. Ashuke kwa msaada, alale chali. Ageukie upande ulio mzima, ajisukume kwa kiwiko na kiganja mpaka aketi, kisha apige magoti akielekea kwenye kiti imara. Mkono mzima uwe juu ya kiti. Mguu mzima utangulie, unyayo ukanyage chini, goti la mguu dhaifu libaki kwenye mkeka. Msaidizi yuko nyuma, ameshika khanga. Ainame mbele, asukume, ageuze makalio aketi. Apumzike hapo mpaka pumzi irudi. Mfanyisheni hivi mara moja kwa wiki, na kiti cha zoezi hilo kikae siku zote mahali ambapo akianguka peke yake anaweza kukifikia kwa kujiburuta.